Sekunde Kumi na Moja

Pale maktaba walimwita Mkaguzi, na hakuchukia. Jina lilimkaa. Kila Jumamosi saa nane mchana alifunga mapazia ya chumba cha kusomea magazeti, akapanga viti thelathini na sita, akawasha projekta na kuwaonyesha watu dokumentari moja. Kabla ya taa kuzimwa alisimama mbele yao na kuwaeleza kwa kirefu kwa nini wasiiamini.

Hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Watu walikuja mara ya kwanza kwa ajili ya filamu, lakini waliorudi walirudi kwa ajili ya ulimi wake.

“Huyo simba jike mtakayemwona akilea watoto wake,” aliwaambia, “ni simba watatu. Mmoja kapigwa picha wakati wa mvua, wa pili wakati wa kiangazi, na wa tatu yuko kwenye bustani ya wanyama, analetewa nyama saa sita kamili. Na zile hatua zake kwenye majani makavu ni mtu mzima na akili zake, kakaa studio anafinyafinya utepe wa kaseti mbele ya kipaza sauti.”

Watu wakacheka, kisha wakamtazama simba kwa dharau filamu nzima.

Aliwafundisha kwamba sauti ya msimulizi ni sauti ya mtu aliyelipwa. Aliwafundisha kwamba zumari likianza kulia, basi kuna jambo ambalo picha zenyewe zimeshindwa kulisema. Zaidi ya yote aliwafundisha habari za mikono. “Mtu anaongea, ghafla mnaonyeshwa mikono yake, au kikombe mezani, au saa ukutani. Hapo jueni maneno yamekatwa. Mikono ni kiraka. Muulizeni aliyeshona, nguo ilichanikia wapi.”

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye hakukosa Jumamosi hata moja na ambaye kazi yake kubwa uzeeni ilikuwa kumchokoza, alimuuliza siku moja kama katika hizo filamu zote kuna hata moja anayoiamini.

“Ipo,” alisema Mkaguzi. “Tena si yote. Sekunde kumi na moja tu.”

Mwalimu akajuta kuuliza, maana kila mtu pale chumbani alijua ni sekunde zipi.

Filamu hiyo ina jina lake rasmi, lakini mjini watu waliiita tu ile ya boila. Ilikuwa imetimiza miaka ishirini na miwili. Ilihusu kiwanda cha kutia rangi vitambaa, ambako Alhamisi moja asubuhi boila lilipasuka likabomoa ukuta na kuua watu saba. Mmoja wa hao saba alikuwa kaka yake Mkaguzi, kijana wa miaka ishirini na mitatu, aliyekuwa akisukuma toroli la vitambaa vibichi upande wa pili wa ukuta. Na fundi wa boila alikuwa baba yao. Yeye alipona kwa sababu dakika ile alikuwa ametoka kwenda stoo kuchukua gasketi, ule mpira wa kuzibia mvuke, na hilo nalo watu hawakumsamehe.

Iliundwa tume. Tume ikakaa, ikanywa chai, ikapiga picha ya pamoja, na ripoti haikutoka mpaka leo. Kilichotoka ni filamu. Humo meneja wa kiwanda amevaa tai, anaongea kwa utulivu, anafungua daftari la ukaguzi lenye sahihi kila ukurasa. Kisha inaonyeshwa vali ya usalama, ile ya kupunguza presha ya mvuke, ikiwa imelala kwenye vumbi, na inasikika sauti ya mwongozaji ikiuliza: “Ulijua kwamba vali ilikuwa imekwama?” Halafu unakuja uso wa baba. Baba anamtazama muulizaji. Anameza mate. Anageukia dirishani, anarudi. Kwenye sekunde ya tisa anainamisha kichwa. Kwenye ya kumi na moja tunapelekwa makaburini.

Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa mji, watu mia mbili na zaidi, baba na Mkaguzi, binti yake, safu ya pili. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba na sare ya shule mwilini. Taa zilipowashwa hakuna aliyeinuka. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe aligeuka, akamtazama baba vizuri, akatema mate sakafuni; hakumlenga, ila hayakuanguka mbali. Walirudi nyumbani wanatembea kila mmoja upande wake wa barabara.

Mama yao alikuwa ameshafariki zamani, kwa hiyo jikoni walikuwa wawili tu.

“Nilimjibu yule mtu,” alisema baba.

“Nimekuona, baba. Umekaa kimya.”

“Nilimjibu.”

“Nimekuona kwa macho yangu! Watu mia mbili wamekuona!”

Baba akafungua mdomo, akaufunga. Wiki ile ile binti akahamishia vitu vyake kwa mama mdogo, na baba akahamia kwa dada yake upande wa pili wa mji. Tangu hapo walikutana kwenye misiba na harusi. “Shikamoo.” “Marahaba.” Yakaishia hapo kwa miaka ishirini na miwili.

Wala usidhani hakuikagua ile filamu. Aliitazama pengine mara arobaini. Alitafuta mikono, hakuiona. Alitafuta kikombe, saa, zumari, hakuna kitu. Uso mmoja, sekunde kumi na moja, bila mkato. Msimulizi anaweza kulipwa na simba wanaweza kuwa watatu, ila uso ulioachwa bila kukatwa hauna pa kujificha: ndivyo alivyowafundisha watu wa Jumamosi, na ndivyo alivyojifundisha mwenyewe. Tena, tuseme kweli, ilimfaa kuamini hivyo. Kaka amekufa, lazima awepo aliyemuua. Tume imenyamaza, meneja kahama nchi. Baba alikuwa karibu.

Basi mwongozaji alipompigia simu, hakushtuka hata kidogo. Mtu huyo sasa alikuwa na miaka sitini na kitu, ana tuzo zake kabatini, na alitaka kutengeneza filamu ya pili kuonyesha waliobaki wanaishi vipi. Alikuwa amesikia kuna binti wa fundi wa boila anayewafundisha watu kutazama filamu. Alisema amefurahi mno. Mkaguzi akasema na yeye amefurahi, na ilikuwa kweli.

Shangazi, yule dada yake baba, alipata habari kabla hakujakucha vizuri, akapiga simu. Shangazi alikuwa na njia zake.

“Nasikia wale watu wa makamera wanakuja tena.”

“Wanakuja, shangazi.”

“Na wewe utakaa mbele yao ufungue domo.”

“Nimeombwa.”

“Umeombwa! Mimi nikiombwa ninywe sumu nauliza kwanza nani kaikoroga. Walikuja hapa kwa baba yako wiki jana. Kawafungia mlango, kaenda zake uani kufungua bomba lisilo na kasoro yoyote. Mpaka leo hatuna maji.” Akavuta pumzi. “Mwanangu, yule ni baba yako.”

“Najua ni nani, shangazi. Ndiyo maana nimekubali.”

Shangazi akakata simu bila kuaga, jambo ambalo kwake lilikuwa tusi kubwa.

Walikuja Jumanne asubuhi, watatu: mwongozaji, mpiga picha, na dada mmoja wa kurekodi sauti aliyevaa visikizi vikubwa shingoni. Jambo la kwanza walihamisha rafu ya vitabu vya kilimo, wakasogeza mahali pake rafu yenye majalada mekundu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuazima kitabu chake hata kimoja. Mkaguzi akaona, akacheka kimoyomoyo. Wakampaka poda kwenye paji la uso. Wakampitishia waya wa kipaza sauti ndani ya blauzi. Aliwatania, akawaambia anajua janja zao zote, wajihadhari naye. Mwongozaji akacheka kwa adabu. Mkaguzi alikuwa anaona raha, na baadaye hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Maswali yalichukua kama saa moja. Lilipofika swali la baba, jibu alikuwa nalo tayari, amelitunza miaka yote.

“Baba yangu aliulizwa swali rahisi, akakaa kimya,” alisema. “Angedanganya, uongo ningemsamehe, kila mtu hudanganya akiwa na hofu. Lakini kimya kile kilinitosha. Sikuhitaji tume.”

Lori likawa linapita nje, dada wa sauti akaomba arudie. Akarudia. Mara ya pili alilisema vizuri zaidi, na alijua kwamba amelisema vizuri zaidi.

“Ahsante sana,” alisema mwongozaji. “Hapo nimepata filamu.”

Mkaguzi akashika mikono ya kiti ili ainuke.

“Usinyanyuke kwanza, dada,” alisema yule wa sauti. “Bado kimya.”

“Kimya gani tena?”

“Kimya cha chumba. Kila chumba kina kimya chake. Hiki kina feni, kina hiyo taa ya dari inayolia, kina barabara kwa mbali. Tukienda kukata maneno, pale tulipokata panabaki shimo. Ukiziba na kimya cha chumba kingine, sikio linashtuka. Kwa hiyo mahojiano yakiisha tunarekodi kimya cha humu humu, nusu dakika. Mkae hivyo hivyo mlivyo, asiongee mtu.”

Hili Mkaguzi hakulijua, na alifurahi kulijua. Akajiwekea akilini awaambie watu wa Jumamosi: hata kimya wanakishona. Dada wa sauti akavaa visikizi, akainua kidole, na chumba kizima kikatulia.

Ni ajabu jinsi nusu dakika ilivyo ndefu ukiwa huna la kufanya na uso wako. Mwongozaji alikuwa ameketi mbele yake anatazama viatu vyake. Mkaguzi akamtazama yeye. Mate yakamjaa mdomoni, akayameza polepole yasisikike. Akageukia dirishani, nje mtu alikuwa anafunga baiskeli kwenye nguzo. Akarudisha macho. Mwongozaji bado yuko na viatu vyake. Basi akachoka, akainamisha kichwa atazame mapaja yake, na katika kuinama huko jicho lake likapita kwenye kamera, na kamera ilikuwa na kitaa chekundu, kinawaka.

Mpiga picha alikuwa amekunja mikono kifuani, anapiga miayo. Hakuna aliyezima.

Mwili ulimfahamisha kabla ya akili. Alikuwa anahesabu bila kujua kwamba anahesabu. Ametazama mbele. Amemeza mate. Amekwenda dirishani, amerudi. Ameinama. Picha ingekatwa hapo, angekuwa baba yake mtupu, mpaka shingo.

“Hiyo kamera inawaka,” alisema.

“Aah, dada, umeharibu,” alisema wa sauti. “Tuanze upya.”

“Kamera inawaka.”

“Huwa hatuzimi,” alisema mpiga picha, kwa wema kabisa, kama anayemfunza mgeni kazi. “Inasaidia baadaye. Ukihitaji uso wa mtu anayewaza, unaupata hapo. Watu ukiwaambia wanyamaze wanakuwa na nyuso nzuri mno.”

Mkaguzi akamgeukia mwongozaji. “Baba yangu mlimwambia akae kimya.”

Yule mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Angalau hakujitia hamnazo.

“Ni miaka mingi,” alisema.

“Mlimwambia anyamaze, akanyamaza.”

“Kila mtu tunamwambia hivyo. Ndiyo kazi.”

“Na swali?”

“Swali nilimuuliza kweli. Neno kwa neno kama lilivyo kwenye filamu.”

“Akajibu?”

“Alijibu.” Akakuna shavu. “Dakika nne, tano. Vali, gasketi, presha ilikuwa ngapi, Jumatatu gani, nani katia sahihi wapi. Anafika katikati analia, anaanza upya. Nilijaribu kukata maneno yake, kila nikikata hayashikamani. Hakuna mtazamaji ambaye angemwelewa. Nami nilikuwa na dakika hamsini za filamu nzima na watu saba wa kuwazika humo. Uso wake ulisema vizuri kuliko yeye.”

“Ulisema nini?”

“Uchungu. Mimi niliona uchungu wa mzazi. Kama watu waliona kitu kingine…” Akainua viganja.

“Alisema alijua, au alisema hakujua?”

Mwongozaji akafikiri. Alifikiri kweli, si kwa kuigiza, na ndiyo maana jibu lake lilimkata maini. “Sikumbuki,” alisema.

“Kanda ziko wapi?”

“Zilifutwa. Enzi zile tulikuwa tunarekodi upya juu ya kanda zile zile. Nadhani tulirekodia mashindano ya mpira.”

Taa ya dari ikaendelea kulia. Mkaguzi akaingiza mkono ndani ya blauzi kuutoa ule waya, ukakwama kwenye kifungo, akawa anahangaika nao mbele ya wanaume wawili, na machozi ya hasira yanachora njia kwenye poda. Mwongozaji akasogeza kiti. Sauti yake ilikuwa imepata uhai ambao haikuwa nao asubuhi yote.

“Lakini nikwambie, hii sasa ndiyo filamu. Twende kwa baba yako pamoja. Leo hii. Umwambie mbele ya kamera. Watu mia mbili walimhukumu. Waliotazama kwenye televisheni ni maelfu. Hao hao watamwona akisafishwa. Ni haki yake.”

Dada wa sauti alivua visikizi, akatazama sakafu.

“Na yale niliyoyasema kabla?” aliuliza Mkaguzi. “Kwamba kimya kilinitosha?”

“Hayo tutaona kwenye uhariri.”

“Futa.”

“Umeshatia sahihi ile fomu,” alisema mwongozaji, na hakulisema kwa ubaya. “Tutaona kwenye uhariri.”

Aliwaacha na rafu yao ya majalada mekundu akatoka na poda usoni. Njia nzima hakuwawaza wao. Aliwaza picha ya ile vali kwenye vumbi. Swali lilisikika juu ya picha ya vali, si juu ya picha ya uso. Sauti ya mwongozaji inauliza, macho yako yanatazama chuma, halafu ndipo unaletewa baba. Kiraka kilikuwa pale pale, kikubwa kama mlango wa ghala, na yeye aliyetoboa siri ya simba watatu alikipita mara arobaini bila kujikwaa. Hakukiona kwa sababu hakutaka kukiona. Alimhitaji baba awe na hatia. Aibu ilimshika katikati ya barabara, akasimama, watu wakampita kushoto na kulia.

Shangazi alifungua geti, akamtazama uso, akaghairi maneno yote aliyokuwa ameyaandaa. Akaelekeza uani kwa kidevu.

Baba alikuwa amechuchumaa kwenye bomba. Alikuwa amelifungua lote, vipande vimepangwa kwenye gunia kwa mpangilio wa kufungwa kwake, kila nati na pete yake. Alikuwa amekonda, na nywele zote zilikuwa nyeupe. Hakumtazama binti kwanza. Alitazama nyuma yake, getini.

“Wako wapi?”

“Nimekuja peke yangu. Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

Akamweleza amesimama, maana hakuna aliyemwambia akae. Alimweleza habari za kimya cha chumba, za kitaa chekundu, za swali lililowekwa juu ya picha ya vali. Alisema haraka haraka, kisha akasema nisamehe, kisha akalisema tena kwa sauti, kwa sababu mara ya kwanza halikutoka vizuri. Baba alikuwa anafuta nati moja kwa kitambaa, na aliifuta mpaka alipomaliza.

“Kwa hiyo leo umejua,” alisema.

“Leo nimejua, baba.”

“Nani kakuambia?”

“Mwongozaji mwenyewe. Amekiri. Amesema ulimjibu.”

“Mimi nilikuambia nini?”

Mkaguzi akatazama vipande kwenye gunia.

“Maneno ni yale yale,” alisema baba. Hakuwa na hasira, na angekuwa nayo ingekuwa nafuu. “Kasema yeye mara moja, umekuja mbio mpaka huku. Wamekuambia baba yako ni mbaya, ukawaamini. Leo wamekuambia baba yako si mbaya, umewaamini. Mimi sijui nifurahie nini hapo.”

“Mpe kiti mtoto!” alipaza sauti shangazi kutoka dirishani.

“Kiti kipo,” alisema baba, na kweli kilikuwepo, kigoda karibu na ukuta. Mkaguzi akaketi. Kwa muda baba alirudishia vipande, akamnyooshea mkono bila kumtazama, naye akawa anampa nati moja moja kwa mpangilio uliokuwa kwenye gunia. Alianza kufikiri kwamba pengine hivi ndivyo watakavyoanza, taratibu, kwa nati. Ndipo akauliza lile ambalo alipaswa kuliuliza akiwa na miaka kumi na saba.

“Baba, ulimjibu nini?”

Mkono wa baba ukabaki hewani.

“Miaka ya mwanzo jibu nilikuwa nalo lote,” alisema baadaye. “Nikinyoa ndevu nalisema. Toka mwanzo mpaka mwisho, neno kwa neno, nikijua ipo siku mtu ataniuliza. Halafu kila mwaka siku ya mlipuko ikifika wanaonyesha filamu yao kwenye televisheni. Shangazi yako anazima, mimi nawasha. Nimeitazama sana. Sasa nikikaa kukumbuka yale mahojiano, inakuja ile picha yao. Namwona mtu kaulizwa, kanyamaza, kainama.”

“Sawa, mahojiano umeyasahau. Lakini vali, baba. Vali yenyewe. Ulijua?”

“Nilikwenda kwa meneja Jumatatu, nikamwambia vali inakwama, tuzime boila.” Akageuza spana mkononi. “Au nilipanga kwenda Jumatatu, nikaona kazi ni nyingi, nikasema nitakwenda Ijumaa.”

“Kaka alikufa Alhamisi.”

“Najua alikufa lini.”

“Basi ni ipi?”

“Moja ni ya kweli. Kuna siku naamka na hiyo ya kwanza, nakunywa chai vizuri. Kuna siku naamka na hiyo nyingine.”

“Jaribu, baba. Kumbuka!” Sauti ilimtoka kali, ya mtu anayehoji, naye aliisikia. Shangazi aliondoka dirishani.

Baba alichukua nati ya mwisho mwenyewe kutoka kwenye gunia, akaifunga kwa vidole, kisha kwa spana. Akafungua bomba. Maji yakatoka na kutu, kisha yakawa meupe, naye akanawa mikono hadi kwenye viwiko.

“Zamani nilikuwa najua,” alisema. “Ungeniuliza siku ile jikoni, ningekuambia.”